Farasi Saba za Masisi

Ilianza Jumapili, saa nane na dakika ishirini muchana, wakati rafiki ya Koko alipoinua farasi moja niliyoipaka rangi, akaisogeza karibu na miwani yake, akacheka.

Najua saa kamili kwa sababu nilikuwa natazama saa ya ukutani. Wageni wakija kwetu natazama saa, nahesabu dakika zilizobaki kabla mutu hajaniuliza masomo yanaendeleaje. Nilikuwa nimesimama karibu na mulango wa jikoni na sinia ya chai. Kama ningekuwa nimekaa ku kiti changu cha siku zote, labda mambo yangeenda tofauti. Nimewaza juu ya kile kiti mara nyingi kuliko juu ya farasi zenyewe.

Siku tatu baada ya Jumapili ile, Koko alipanda batau, boti ya ziwani, ya kwenda Bukavu, na hajarudi.

Koko ni babu yangu, baba ya papa. Alipokuwa kijana alisoma kwa mapadri, upande wa Bukavu, na huko kulikuwa Furere mumoja muzungu, bruda wa kanisa, aliyefundisha historia. Furere alikuwa na masanduku ya askari wadogo wa plombe, madini ya risasi, urefu wa kidole changu cha mwisho: jeshi la Kaizari wa Wafaransa, la miaka mia mbili iliyopita, na jeshi la Waaustria waliopigana naye. Jumapili aliwapanga juu ya meza, akawafundisha wanafunzi wawili sheria za muchezo: askari wa miguu anatembea kiasi hiki, wa farasi kiasi hiki, na dadu ndizo zinasema nani amekufa. Aliporudi kwao, aliwagawia. Koko alipata Wafaransa. Rafiki yake, kijana wa Masisi, alipata Waaustria. Yule rafiki akawa veterineri, akatibu ngombe maisha yake yote. Koko akawa mwalimu. Uzee uliwakuta wote wawili hapa Goma. Kila Jumapili baada ya misa, rafiki alitoka Birere kwa miguu hadi kwetu Murara, amekamata kopo la maziwa ya unga ambamo Waaustria walilala ndani ya vipande vya kikwembe.

Walitandika blanketi ya kijani ku meza ya salon, pale tunapokelea wageni. Vitabu chini ya blanketi vilikuwa vilima. Walipima na metere ya fundi wa nguo. Na kulikuwa na sheria moja ya Furere ambayo wazee wale waliishika kama amri ya kanisa: askari ambaye hajapakwa rangi haingii mezani.

Kwa sheria ile Koko alicheza miaka mingi bila farasi. Zile za zamani, alizozipaka Furere mwenyewe, ziko chini ya mawe. Mwaka ule volkano iliposhuka katikati ya muji, mimi nilikuwa sijazaliwa, watu wa kwetu walikimbia na sanduku moja, wakaacha lingine, na nyumba ikafunikwa. Ndani ya sanduku lililopona mulikuwa askari wa miguu, mizinga, na wapanda farasi kumi na wawili ambao hawakuwahi kupakwa, wa kijivu tu, plombe tupu. Koko anawaita kirasie, wale wa kifua cha chuma. Alianza kuwapaka mara nyingi, aliniambia, na kila mara kulikuja vita, ao ndoa, ao matanga.

Mwaka huu aliniita.

“Vidole vyangu vinatetemeka,” akasema. “Weye unachora vizuri. Utanipakia hizi farasi.”

“Mimi, Koko?”

“Kuko mutu mwingine humu?”

Vidole vyake havitetemeki. Nilikuwa nimemuona siku ile ile akichambua maharagi ya mama, akitupa mawe madogo moja moja bila kukosa. Lakini sikujiuliza.

Rangi za kazi ile haziuzwi Goma, tulitafuta za kwetu. Mupaka-vibao mumoja wa Birere, anayeandika majina ku milango ya maduka, alinimwagia bluu na kahawia kidogo ndani ya vifuniko vya chupa. Kifua cha chuma nilikipaka na ile rangi ya fedha ya mageti. Shada nyekundu ya kofia ilikuwa rangi ya kucha ya mama. Ngozi ya kondoo iliyo chini ya matako ya askari niliipaka na blanko, ile tunafutia makosa ku kaye, daftari zetu za masomo. Burashi ilikuwa ile ndogo ya kujipaka macho, nikaipunguza nywele na wembe hadi zikabaki chache kabisa. Chini ya kwato niliweka gundi, halafu vumbi nyeusi ya volkano niliyochekecha na kichujio cha chai. Mama alinigombeza wiki nzima kwa kichujio chake. Kwa hiyo wapanda farasi wa Kaizari walisimama juu ya udongo wa Murara.

Lakini kabla ya yote, plombe inapakwa rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu ya geti kabla ya rangi yenyewe, la sivyo nyingine hazishiki. Siku ya kwanza nilipaka mumoja ile ya kutu tu, nikamupelekea Koko aone kama haikuwa nzito. Alikuwa amekaa nje, jua la saa ine likimupiga usoni. Alimushika, akamunusa, akamugeuza kwa mwangaza.

“Bluu nzuri,” akasema. “Ni ile ile ya Furere.”

Nilitazama askari mukononi mwake. Alikuwa mwekundu kama tofali, toka kofia hadi kwato.

“Ndiyo, Koko,” nikasema.

Mutoto mwingine angesema palepale, “Koko, hii si bluu.” Mimi maneno yangu huchelewa. Yanafika wakati watu wameshatoka, na hapo nayaandika ku kaye. Siku ile niliandika: Koko haoni. Halafu nikafuta kwa blanko, kwa kuogopa mutu atasoma.

Kulikuwa na sababu ya kuogopa. Nyumba yetu ni ya mbao, na ubao hauzuii sauti. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimesikia papa na mama wakiongea wakati Koko yuko kanisani. Wiki ile alikuwa amekanyaga mbabula ya jirani, jiko lenye moto, akasema iliwekwa vibaya.

“Siku nikijua kama muzee haone tena, namupeleka Bukavu kwa dada,” papa akasema. “Huku kuko pikipiki, kuko mbabula, kuko batu wanasukumana. Kule kuko parsele yenye ukuta, atatembea ndani tu.”

“Hatakubali,” mama akasema.

“Nani atamuuliza?”

Papa si mutu mubaya. Lakini Bukavu ni milima, unapanda ao unashuka, na Koko aliitoka akiwa kijana. Hapa anajua kila jiwe kutoka mulango wetu hadi kanisani. Miguu yake inayajua. Hapa kuna meza. Na kule hakuna hata mutu mumoja wa kucheza naye.

Basi nikaanza kumuficha. Kikombe chake nilikiweka siku zote ku pembe moja ya meza. Kiti changu nacho sikukihamisha, karibu na dirisha, ili ajue sauti yangu inatoka wapi. Tulipokwenda misa nilitembea kushoto kwake, hatua moja mbele, na kwenye shimo nilikohoa. Hakuniuliza kwa nini nina kikohozi cha barabarani tu. Alikuwa na fotokopi nyeusi-nyeupe za sare za askari, na pembeni Furere aliandika rangi kwa kalamu; Koko alizishika, macho yakipita juu ya karatasi, akaniambia, “Soma, miwani yangu iko chumbani.” Miwani ilikuwa ku mufuko wa shati. Nikasoma. Sisi wawili hatukuwahi kulisema jambo lile. Nilidhani hiyo ndiyo kumupenda mutu.

Hapa naandika sehemu ambayo sikumuambia hata padri.

Koko aliniambia farasi zote ziwe bai. Bai ni kahawia iliyoiva, mukia mweusi, miguu myeusi chini. Moja tu, ya mupiga tarumbeta, iwe nyeupe. Ile nyeupe niliipaka kwanza. Halafu nikapaka bai ine, vizuri kabisa, vile alivyosema. Siku iliyofuata nikakuta kahawia ndani ya kifuniko imeshika ngozi juu, na chini imekauka.

Ningeenda kumuambia. Ningerudi Birere. Nilibaki nimekaa, na burashi mukononi, na farasi saba nyekundu za kutu mbele yangu.

Mimi sijawahi kuona farasi. Nimeziona ku telefone na ku kalenda, lakini farasi inayopumua, hapana. Kwetu kitu kinachokaribia farasi ni chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, ikishuka kutoka upande wa Rutshuru na magunia ya makala ya kupikia, mutu amepiga goti juu yake, na watu wanakimbilia pembeni. Mnyama mukubwa ninayemujua ni ngombe. Nilipokuwa mudogo, wakati njia bado inapitika, papa alinipeleka vakansi moja Masisi, na huko niliziona asubuhi, nyingi, ku vilima vile vya majani, nyeusi na nyeupe, zingine nyekundu zenye doa ku paji la uso, na mvuke ulikuwa unatoka ku migongo yao. Sijaona tena kitu kizuri namna ile. Njia ilifungwa, na watu wa kule wakaja kukaa huku ndani ya mahema.

Nikachukua blanko na rangi nyeusi, nikapaka farasi ya kwanza kama ngombe niliyoikumbuka. Ya pili ikawa nyekundu, na doa jeupe ku paji. Ya tatu ilikuwa na doa kama ramani juu ya mbavu. Nilipaka zote saba, hakuna iliyofanana na mwenzake, na kwa mara ya kwanza tangu kazi ile ianze nilisikia furaha. Si kwamba sikujua zinavyopaswa kuwa. Nilijua. Nilijua pia kama hataona. Niliandika hivyo ku kaye siku ile, bila kufuta: hataona.

Nilimupa moja. Akapitisha kidole gumba ku shingo, ku kifua, ku mukia.

“Bai?”

“Bai, Koko.”

“Umekuwa fundi, mama.” Ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Na rafiki yake je, yule veterineri, sikumufikiria? Hapana. Ndiyo kosa langu la kijinga kuliko yote. Nilikuwa nimezoea kupaka kwa mutu asiyeona, nikasahau wengine wana macho. Na kati ya watu wote wa muji huu, aliyekuwa anakuja kukaa mbele ya farasi zile ni mutu aliyetazama ngombe maisha yake yote.

Jumapili ile Koko alivaa koti ya misa hata mezani. Aliwapanga wapanda farasi mwenyewe, kwa kidole, mustari mumoja nyuma ya kilima. Nilikuwa nimeondoka ku kiti changu kwa sababu mama aliniita nipeleke chai. Tiriko yangu, sweta ya baridi ya asubuhi, ilibaki imening'inia ku kiti.

Rafiki akainua moja. Akacheka, kile kicheko cha tumbo.

“Weye muzee! Hizi farasi ulizinunua ku abatwari, kwa wachinja-ngombe?”

Koko akacheka naye, kwa sababu hakujua bado wanacheka nini. “Unaona wivu. Miaka yote ulinipiga niko bila farasi. Leo utanijua.”

“Mais angalia! Hii ni frizoni, ngombe ya maziwa. Frizoni kabisa, hadi ku matako. Na hii nyekundu, naapa nilishaipiga sindano, ilikuwa ya mujane mumoja wa kule kwetu, ilipiga watu mateke.” Akaweka ya tatu juu ya kiganja. “Kaizari anakuja kupiga vita ao kukamua?”

Mama alicheka jikoni. Nilisimama na sinia pale mulangoni.

“Ni bai,” Koko akasema, bado na tabasamu. “Zote bai, ukitoa nyeupe ya tarumbeta. Mujukuu wangu alizipaka vile nilimuambia.”

“Bai?” Rafiki akamutilia moja mukononi. “Angalia mwenyewe, eh.”

Koko akaigeuza kwa dirisha. Kidole gumba kikatembea ku mugongo wa farasi, kikarudi, kikatembea tena. Doa halishikiki na kidole.

“Bai,” akasema.

Rafiki aliacha kucheka. Niliona alivyoacha, polepole, kuanzia macho.

Papa alikuwa amelala ku kanape na redio ndogo sikioni. Yeye ni mutu wa banki, na tangu banki zifungwe yuko nyumbani siku zote. Akazima redio. Akaja mezani, akachukua farasi mbili, moja ya bai kweli, moja nyeusi-nyeupe, akazishika mbele ya uso wa Koko.

“Papa, gani iko bai?”

“Unaniuliza kama mutoto wa primeri?”

“Nakuuliza tu.”

“Mimi ndiye nilikufundisha rangi, kuleri zote, weye. Kwa viazi na nyanya.”

“Ndiyo. Gani iko bai?”

Na hapo kulikuwa na mulango wazi, mukubwa, wa kumuokoa. Sentensi moja tu ilihitajika. Nilikuwa nayo, ilikuja haraka, kwa mara moja maishani haikuchelewa: Koko mwenyewe aliniambia nizipake kama ngombe, ni muzaha wa rafiki yake. Wangecheka wote. Rafiki angefurahi. Papa angerudi ku redio yake.

Koko naye alikuwa ameifikiria. Alipata sentensi ile ile, ao inayokaribiana nayo. Akageuka kwa dirisha, akatabasamu, akasema, “Mama, waambie vile tulipanga mimi na weye.”

Aliitabasamia tiriko yangu.

Nilikuwa nyuma yake, karibu na mulango wa jikoni, sinia mukononi, na sauti haikutoka. Si kwamba nilikataa. Ulimi ulikuwa umelala mudomoni kama kitu cha mutu mwingine. Watu wanne walikuwa mule ndani, pamoja na mama jikoni, na mimi naona haya mbele ya watu wanne, wote wa kwetu. Koko alingoja. Alipindisha kichwa kidogo, kama mutu anayemusaidia mutoto kusoma. “Eh, mama?” akaambia kile kiti.

Papa alitazama kiti. Akatazama mulango, mahali nilikuwa. Akarudisha farasi mezani, moja, halafu nyingine, polepole, mahali zilipotoka.

Hakuna aliyepandisha sauti. Ingekuwa afadhali.

“Bon,” rafiki akasema. “Tucheze. Zamu yako, muzee.”

Walicheza. Nilienda kukaa ku kiti changu na Koko akasikia kiti kinalia, na hakugeuka. Aliwapeleka kirasie mbele kwa mukono, alipima metere kwa vidole. Siku zote alisoma dadu kwa kidole gumba, akijifanya anazisukuma pembeni. Sijui ni tangu lini, hatukuwahi kuona. Sasa rafiki akaanza kumusomea kwa sauti.

“Sita. Nimekufa wawili. Tano. Aïe, unaniua.”

Waaustria walikufa wengi. Ngombe zangu zilipita katikati yao kama kitu cha ndoto mbaya. Nilitazama dadu. Ilikuwa mbili.

“Tano tena!” rafiki akasema.

Koko akanyoosha mukono, akaweka kidole juu ya dadu, akaacha pale.

“Ni mbili,” akasema.

Rafiki akaondoa mukono wake mezani.

“Miaka yote ulikuwa unanipiga vizuri,” Koko akasema. Akakunja metere, akaifunga na uzi wake. “Leo umechoka. Tuishie hapo.”

Rafiki aliwarudisha Waaustria ndani ya kopo bila kuwafunga vizuri, nilisikia wanagongana njia yote hadi ku geti. Nilimusindikiza kwa sababu ndiyo kazi yangu. Pale nje alisimama, akafuta miwani ku shati.

“Mutoto,” akasema, “hizi ngombe ni nzuri sana. Hata mimi niliona Masisi. Mimi na hiki kinywa changu.” Nikatazama viatu vyake. Akaenda.

Saa kumi na mbili jioni papa alikuwa ameshaongea na shangazi ku telefone. Batau ya Jumatano. Aliingia chumbani mwa Koko na kumuambia si azabu, ni usalama. Koko alisema, “Sawa.” Nilimusikia kupitia ubao. Alisema sawa kama mutu anayejibu bei asiyoweza kubishana nayo.

Nilimupelekea chai. Niliweka kikombe pale pale, ku pembe. Alikuwa amekaa ku kitanda, na koti ya misa.

“Ni ngapi?” akauliza.

“Saba, Koko.”

“Na zile ine zingine?”

“Ine ni bai kweli.”

“Na ile ya kwanza? Siku ile nje. Ilikuwa bluu?”

“Ilikuwa ya kutu tu.”

Nje jirani alikuwa anapepea mbabula, na moshi ulikuwa unaingia kati ya mbao.

“Basi ulijua toka siku ya kwanza.”

“Ndiyo.”

“Nilidhani kikohozi ni kwa ajili yangu. Nikasema, huyu mutoto ananichunga.” Akatafuta kikombe, akakipata, hakukunywa. “Halafu ukanicheka.”

“Sikucheka, Koko.”

“Ulifanya nini?”

Nilikuwa na jibu refu. Vilima, mvuke ku migongo, vakansi ile. Furaha niliyosikia. Na chini ya hayo yote, lile neno ku kaye. Nikafunga dirisha kwa ajili ya moshi.

“Farasi za kirasie ni bai,” akasema. “Nilikuambia bai.”

Kesho yake, Jumatatu, niliamka saa kumi na moja na nusu asubuhi. Nilivaa kikwembe cha zamani cha mama juu ya nguo ya masomo, ile nyeupe-bluu, ili nisiichafue. Nikachukua kopo la rangi ya kutu. Nikachukua sufuria ya bugali, nikakwangua masizi chini yake na kisu, nikayachanganya na ile nyekundu juu ya kigae. Nyekundu na masizi. Ilitoka kahawia, kahawia iliyoiva, nzuri kuliko ile ya mupaka-vibao. Nikaitazama. Kwa hiyo rangi haikuwahi kuniishia. Masizi yako kwetu kila siku.

Koko alitoka, akashika ukuta, sasa hakujificha tena, akakaa karibu yangu. Nikaanza. Nilifunika frizoni kwanza. Nyeupe ya blanko ilikataa, nikapitisha mara mbili.

“Unafanya nini?”

“Napaka bai.”

“Kweli?”

“Kweli, Koko.”

Ya pili, akauliza tena: “Kweli?” Ya tatu pia. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mutu anavyouliza saa, na kila mara nilijibu, na kila mara akauliza. Saa moja na nusu nilisikia kengele ya masomo kule ngambo ya barabara, sikusimama. Ya saba ilikuwa ile nyekundu yenye doa ku paji. Nilitaka kuacha doa. Farasi nazo zinakuwa na doa pale, yeye mwenyewe alishanieleza. Nikapitisha burashi juu yake.

“Ya mwisho,” nikasema. “Bai.”

“Kweli?”

“Kweli.”

Akanyoosha mukono. Nikamuambia bado ni mbichi. Akabaki amenyoosha, basi nikamupa. Kidole gumba kikashuka ku mugongo wa farasi, kikasimama pale, na alipoinua, alama yake ilikuwa imebaki ndani ya rangi, mistari yote ya kidole. Akanusa kidole.

“Masizi,” akasema.

“Ndiyo, Koko. Masizi na kutu.”

Akanirudishia. Sikuisawazisha ile alama. Niliziweka zote kumi na mbili ku dirisha zikauke, nikanawa mikono na petroli, nikachukua kaye zangu, nikaenda masomoni nimechelewa. Prefe, mukubwa wa masomo, aliniuliza sababu mbele ya darasa zima, nikaficha nyuma mikono iliyonuka petroli.